Wakazi wa Mtaa Wetu Waache Kusalimia Mazombi

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Ujiji.

Naruka salamu kwa makusudi, na sababu utaiona huko chini. Ni mimi Ikram, binti wa fundi cherehani, yule ambaye hujawahi kuisikia sauti yake.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Verediana, anataka tupeleke filamu shuleni Ijumaa. Sisi tunatengeneza ya mazombi, ile aina ya kujifanya simu imeokotwa njiani na ndani yake mna mambo ya kutisha. Aina hii niliichagua mimi, kwa kuwa anayeshika simu haonekani. Ujumbe wetu kwa jamii: watu wa leo ni wafu wanaotembea, hawajaliani tena. Sasa wakazi wako wanatuharibia ushahidi kama ifuatavyo:

1. Omari, zombi mkuu, aliyepakwa unga wa muhogo na damu ya mawese, alimvamia Mzee Hamdani muuza kahawa. Mzee akamuuliza mguu wa baba yake unaendeleaje. Omari akatoa shikamoo, akaeleza habari za mguu, akanywa kahawa. Zombi gani huyo?

2. Mazombi walipotoka ziwani wakiburuta miguu, wavuvi waliona ni vijana tu wasio na kazi, wakawaita wasaidie kuvuta mtumbwi. Wakauvuta. Tena wakaimba.

3. Mwenzetu Saad alipoliwa na mazombi alipiga kelele vizuri sana, mpaka nikaona fahari. Majirani wakaja mbio na michi, wakauliza ugomvi umeanzia wapi, wakampatanisha marehemu na waliomla. Bi Fatu akawapakulia wote ugali na samaki wa migebuka. Zombi aliyeshiba hatishi, Ndugu Mwenyekiti, anasinzia.

Kwa heshima naomba utangaze marufuku ya kujuliana hali hadi Ijumaa. Ikishindikana, uunde Kamati ya Woga iwafundishe wazee kukimbia. Na hiyo ikishindikana, wakazi wote wahamie Kasingirima kwa muda, watuachie mtaa mtupu, maana wasipokuwepo watu ndipo tutakapoonyesha vizuri jinsi watu walivyo wabaya.

Nisalimie wote niliowataja, ila kimoyomoyo, wasije wakaitika.

Mimi mtiifu wako,
Ikram, mshika simu.

N.B. Kabla ya kuleta barua nimeitazama filamu yote. Mwishoni Bi Fatu anakuja na sahani, sura yake inajaa kwenye kioo, anasema nami: "Na wewe mjukuu wangu, mbona wafu wote wameniamkia isipokuwa wewe?" Halafu picha inapinduka, inaonyesha miguu yangu ikikimbia. Ndiyo sehemu pekee inayotisha. Kumbe zombi tulikuwa naye, tena mmoja tu, na ndiye aliyeshika simu.

Kwa hiyo usitangaze lolote. Barua hii naileta kwa mkono wangu, na ukifungua mlango nitajitahidi isikike: shikamoo.