Ngoma ya Malachite Musica Iko Kwetu

Jumatatu, 6 Oktoba

Orkestra imevunjika! Malachite Musica, orkestra kubwa kuliko zote za mtaa wetu wa Naviundu (nyingine hakuna, lakini hilo si kosa langu), imepasuka vipande viwili leo saa nne asubuhi. Sababu: bango la harusi ya Jumamosi. Yaya Franck, mwimbaji (yaya kwetu ni kaka mkubwa), amewekwa katikati na meno yake yote. Yaya Désiré, mpiga solo, amewekwa nyuma yake. Linaonekana sikio tu. Désiré ameuliza kama sikio ndilo linalopiga gita. Franck amejibu kwamba hata hilo sikio ni zawadi. Basi! Kila mmoja ameondoka na watu wake.

Mimi Kiki, prezida wa mashabiki, nimebaki katikati ya uwanja na koti langu la kijani.

Ni hatari. Kwetu hapa mwimbaji hukatiza wimbo na kumtupia mtu jina lake, mji mzima ukasikia. Wenye magari wanatupiwa. Wenye maduka wanatupiwa. Mimi gari sina, lakini nina moyo. Kwa hiyo nilimwambia Plamedie, msusi wa avenue yetu, kwamba jina langu limo tayari katika wimbo mpya wa Jumamosi. Ukimwambia Plamedie neno saa mbili, kufika saa sita vichwa kumi vimeondoka nalo, vimesukwa.

Ukweli: jina halimo. Franck alisema "tutaona". Désiré alisema "ngoja".

Na mimi ni nani bila muziki? Baba aliniita Mukuka. Kiki nilijiita mwenyewe, kwa heshima ya mpiga besi wa Bana Luapula. Hao niliwafuata mpaka Kasenga wiki tatu, wiki za mtihani. Nikarudi bila diploma, ninanuka samaki, ninajua nyimbo kumi na nne. Kisha Kaskade Jazz, walionifundisha kuvaa: viatu vya ncha, namba arobaini kwa mguu wa arobaini na tatu. Mpaka leo kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake. Kisha Malachite. Walikuwa wanapiga siku nilipomwona Plamedie mara ya kwanza. Alikuwa anacheza na mtu mwingine, lakini alinitazama.

Jumanne, 7 Oktoba

Miguu inawasha. Nimezunguka parsele, kiwanja chetu, tangu alfajiri. Mama amesema kama natafuta kuchimba mufereji, nikamate jembe.

Halafu akili ikafika! Katika mji huu orkestra ikivunjika, jina linafuata vyombo. Halifuati sauti, wala meno. Vyombo. Na chombo chenye jina ni kimoja: ngoma kubwa ya batri, yaani ya seti ya ngoma, ile ya kupigwa kwa mguu, imeandikwa MALACHITE MUSICA usoni kwa rangi ya kijani. Mwenye ngoma ndiye Malachite, naye ndiye atakayepiga Jumamosi. Wengine ni wapita njia.

Saa tano kwa Franck. Nikamnong'oneza kwamba Désiré anakuja kuinyakua ngoma, heri niifiche mimi. Saa sita kwa Désiré. Nikamnong'oneza kwamba Franck anakuja kuinyakua. Wote wawili wamenikumbatia. Wote wawili wameapa kwa mama zao kwamba Jumamosi jina langu litatupwa. Prezida wa pande mbili! Hata serikali hazijaweza hilo.

Saa nane nimeiviringisha ngoma kutoka uwanjani ilipoachwa, kwa siri kubwa, ndani ya blanketi, kando ya mto. Watoto kumi na wawili walinifuata wakiimba.

Nikamkuta Clément. Lazima! Clément mtoto wa Mama Ngalula, katibu wa mashabiki, anasoma sheria université, anatembea na rejista hata akienda kunyolewa. Anataka kiti changu. Akaniita Monsieur le président kwa sauti ile ya kuomba ugomvi, akauliza kuna nini ndani ya blanketi. Nikasema pipa la maji la mama. Akaandika. Na saa akaandika.

Jumatano, 8 Oktoba

Ngoma haiingii chini ya kitanda. Vidole vinne vimezidi. Nimeisimamisha ukutani na kuifunika shuka. Sasa mlango haufunguki wote, ninaingia kwa ubavu.

Lakini maisha! Watu wa Franck wameniletea mishikaki ya mbuzi, wakaniambia nilinde vizuri. Saa moja baadaye watu wa Désiré wameleta bukari, ugali wetu, na kuku, wakaniambia vilevile. Nimekula kwa serikali zote mbili. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma yenyewe.

Nimepita kwa Plamedie nikiwa na koti. Nimemwambia jina halitatupwa mara moja, litatupwa mara mbili. Hakuinua hata macho. "Kiki, jina yako bataiita siku ya kilio yako tu, na hata pale mwenye kuisoma atauliza huyu alikuwa nani." Wateja wamecheka, hata yule aliyekuwa analia kwa kuvutwa nywele. Kisha Plamedie akaongeza kwamba Jumamosi atakuja kusimama karibu yangu, mbele kabisa, asikie kwa masikio yake. Na Jumapili, jina lisiposikika, nisipite tena mbele ya salon yake. Avenue ni moja! Nitapita wapi, hewani?

Nimecheka kwa nguvu. Nimetoka haraka. 

Alhamisi, 9 Oktoba

NGOMA HAIKO!

Nilitoka asubuhi kwenda kunyoosha suruali ya Jumamosi. Nimerudi adhuhuri, mlango umefunguka wote, laini kabisa. Furaha kidogo. Kisha nikafahamu kwa nini umefunguka.

Nimetafuta nyuma ya choo. Nimetafuta juu ya paa. Nimetafuta ndani ya sufuria, sijui kwa nini.

Clément! Nani mwingine? Nimekimbia mpaka kwao, nikasimama mlangoni nikapiga kelele kwamba arudishe. Mama Ngalula ametoka na mwiko. Akauliza mutoto wake ameiba nini. Kabla sijataja ngoma, Clément akatokea na rejista. Akasoma, polepole, kama hakimu: Jumanne, saa nane na dakika ishirini, pipa la maji. Akauliza kama ni lile pipa. Nikasema ndiyo, pipa. Mama Ngalula, kwa huruma yake, amenipa pipa. Pipa la kweli, la buluu, limejaa. Nimelibeba mpaka nyumbani. Kilomita moja! Sikuweza kukataa.

Franck ametuma ujumbe: kesho saa tisa anakuja kuchukua ngoma. Désiré ametuma ujumbe: kesho saa tisa. Saa tisa ileile! Hawasikilizani kwa lolote ila kuniua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeipata. Afadhali ningeikosa.

Nimeenda sokoni kumwomba mama ushauri bila kumwambia jambo lenyewe. Mama yangu, Mama Chilufya, anauza samaki wa kukaushwa wa Kasenga, kila mtu anamjua. Nimefika. Samaki wamepangwa vizuri, mlima mzima, juu ya kitambaa. Chini ya kitambaa, meza ya mviringo. Pembeni ya meza, kitambaa kilipoishia, rangi ya kijani. Nikasoma: SICA.

Mungu wangu. Meza yake ilivunjika Jumatano. Jana aliingia chumbani kwangu kufagia, akaona nyingine.

Nimemwomba. Nimepiga magoti, suruali ya Jumamosi hiyo. Amekataa. "Hii meza iko muzuri, haitikisike. Ulikuwa unaificha sababu ya nini? Mama yako anauzia chini, weye unafunika meza na shuka kama bibi-arusi?" Wanawake wa samaki wote wamepiga makofi.

Kisha nikasikia sauti. Franck na Désiré! Wamekutana kwetu saa tisa, kila mmoja akasema Kiki ananilindia mimi, na hapo wakafahamu. Jirani akawaonyesha njia ya soko. Wamekuja pamoja, bega kwa bega, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Niliwapatanisha mimi, ingawa hawakuonekana kunishukuru. Nimejirusha nyuma ya magunia ya muuza makaa. Nimesikia yote kutoka humo.

Mama amewasalimu kwa majina ya mama zao. Amewakalisha. Amewapa samaki mmoja mmoja. Akauliza shida ni nini, wakaeleza bango. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema Franck alikuwa anajikojolea mpaka darasa la pili, na Désiré ndiye aliyekuwa anamkopesha kaptura, sasa leo wanagombana juu ya sikio? Awekwe nani katikati? Iwekwe ngoma! Désiré akatazama chini. Franck akasema kweli, ile kaptura hakuirudisha. Wakaanza kucheka, watu wazima wale. Désiré akaipiga ngoma kwa kiganja, samaki wakaruka. Franck akaimba kidogo. Soko zima likaimba.

Clément alikuwepo! Amefika na rejista, akaandika karatasi ya mapatano, wote wawili wakatia sahihi.

Nimetoka makaa saa kumi na moja, mweusi kama sufuria. Mama ameniuliza mimi mutoto wa nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Harusi. Nimevaa koti la kijani, viatu vya ncha. Plamedie amekuja, amesimama karibu yangu, mbele kabisa, kama alivyosema. Ananukia vizuri. Ni yeye tu.

Ngoma imeoshwa kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni mara tatu. Kila ikipigwa inatoa Kasenga. Paka wawili wameketi mbele yake, wametulia kama wazazi wa bwana-arusi. Bibi-arusi amecheza akiwa ameshika pua.

Wimbo mpya!  Franck akakatiza. Akanyoosha kidole kwa watu. Nikanyoosha kola.

"Mama Chilufya! Mama ya samaki! Mama ya amani!" Mama akainua mikono, watu wakalia kwa furaha. Désiré akachukua mikro: "Clément, prezida wetu mupya!" Mpya! Nimetazama nyuma kuona kama kuna Clément mwingine. Hakuna.

Plamedie amenitazama pembeni. Nimemwambia subiri, ni mpango, kikubwa kinawekwa mwisho.

Na kweli, mwisho Franck akaniona. Akatabasamu kwa meno yale ya bango. "Na ule mutoto ya Mama Chilufya... mwizi wa ngoma!" Watu wote: "MWIZI WA NGOMA!" Kwa mdundo. Mara nane. Paka mmoja aligeuka kunitazama.

Plamedie alicheka mpaka akakaa chini, akashika mguu wangu asianguke kabisa. Mguu wangu! Lakini kwa upande wa kidole kibaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Wimbo uko katika kila simu. Watoto wa mtoni wananiimbia kutoka mlangoni mpaka kona. Clément amekuja kuchukua koti la kijani, amenipa risiti.

Nimefikiri sana, karibu dakika kumi. Nani yumo ndani ya wimbo? Mimi! Mara moja kwa Franck, mara nane kwa watu. Clément katupwa mara moja tu. Nimepita mbele ya salon ya Plamedie bila hofu, nikamweleza hesabu hii. Amesema jina halikutajwa. Nimesema mtu mkubwa anajulikana kwa kazi yake. Amenitupia chanuo. Sikulirudisha, kwa hiyo kesho nina sababu ya kupita.

Baada ya misa, habari! Kwaya ya parokia ya mama imegawanyika. Masoprano wanataka kitenge cha manjano, mateno wanataka cha buluu. Hawasemeshani. Na kinanda chao ni kimoja, kina jina la kwaya ubavuni.

Kwaya bila prezida wa mashabiki! Maskini.

Nimekwenda tu kusalimu. Nimewanong'oneza masoprano kidogo, mateno kidogo. Kinanda kinaingia chini ya kitanda. Nimeshapima.