Mifugo ya Tumboni

Jumatatu, 1 Julai 2024

Zahanati. Sukari imeanza kupanda. Bado si ugonjwa, alisema nesi Hilda, lakini nikiendelea hivi nitaukaribisha. Akauliza ninakula nini. Nyama, ugali wa sembe, nyama. Akasema tumboni nina bakteria wengi kuliko watu wa dunia. Wakila maharage, dona na mboga, wanatoa asidi zinazolisha utumbo na kuusaidia mwili kutumia sukari. Wakishindiliwa nyama kila siku, wanatoa kitu ambacho ini hukigeuza, nacho hakiitakii mema mishipa ya damu. Niongeze maharage kidogo kidogo, nirudi tarehe kumi na tisa.

Kumbe nina mifugo ndani! Nimechunga ng'ombe tangu utoto. Hawa watanishinda?

Nyumbani mke wangu Fransiska akatoa hukumu. Sukari isiposhuka, siendi Mogitu kuwa msemaji wa familia kwenye harusi ya kijana wetu Isidori. Ataenda kaka yake yeye Fransiska, shemeji Wolfgang. Kule wanachinja fahali aliyenona. Wolfgang amle fahali wangu? Hapana.

Jumanne, 2 Julai

Kidogo kidogo ni maneno ya watu wa mjini. Mifugo yenye njaa huihesabii punje. Asubuhi makande. Mchana maharage. Jioni maharage tena, sufuria nzima. Nikalamba na magadi ya ng'ombe, maana bila magadi mfugo haunenepi. Wolfgang alipita akanikuta mdomo umejaa, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia namnyang'anya fahali.

Jumatano, 3 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Tumbo liliamka kabla yangu, limekaza kama ngoma. Jioni jumuiya ilisali kwetu. Kwenye kimya cha kuombea marehemu, mifugo yangu ikatoa sauti. Ndefu. Mama Gaudensia, anayeongoza rozari, akafumbua macho. Nikamkazia macho mbwa. Mbwa akaondoka, ikatoka nyingine.

Wolfgang akanipapasa ubavu wa kushoto kama daktari wa mifugo. Akasema hata mtoto mdogo wa hapa kwetu Maretadu anajua: ng'ombe mwenye njaa ukimwachia ghafla shamba la maharage, anavimba. Dawa ni kumpandisha mlima, kichwa juu. Basi akaniswaga na fimbo kama maksai, jumuiya yote nyuma. Katikati ya kilima hewa ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Fransiska akasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Aibu siisemi, lakini nafuu niliyopata ilikuwa tamu mno.

Alhamisi, 11 Julai

Sasa Fransiska ndiye anayepima sahani yangu. Dona, mboga ya maboga, mtindi, na maharage yanayoongezwa kijiko kwa kijiko. Tumbo limetulia. Kila jioni Wolfgang huja na fimbo tupande kilima. Nina hakika anataka nife kabla ya kipimo, kwa hiyo natembea haraka nimkomoe. Kitambi chake nacho kinapungua, jambo linaloniudhi. Leo tulipofika juu tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ijumaa, 19 Julai

Imeshuka. Hilda anasema ni maharage, kilima na kupunguza nyama. Anajua nini kuhusu mifugo? Ni magadi. Fransiska alinikumbatia mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, machozi yanamtoka. Kumbe aliogopa. Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Kesho fahali.

Jumapili, 21 Julai

Harusi ilifana. Niliitwa kusema kabla ya chakula. Ningeweza kutoa baraka tu nikakaa. Lakini watu wote wametulia wananitazama, nani angeacha? Nikawaeleza bakteria. Nikawaeleza ini na mishipa. Nikasema siku hizi nyama naiona kama jirani tuliyekosana naye. Vigelegele.

Mzee Yonas, baba wa bibi harusi, akasimama akasema hajawahi kupokea mgeni mwenye msimamo kama huu, na Mogitu hawatamkosea heshima. Nikaletewa maharage. Bakuli kubwa, limefunikwa kitambaa cheupe. Nilipolinyooshea mkono sinia la mbavu, mama mmoja alilisogeza mbali kwa adabu, akaniomba radhi kwa harufu. Wolfgang, aliyekuja kunisindikiza tu, alizila mbavu zile mbele yangu, kila mfupa akiniuliza bakteria wanaendeleaje.

Nimetafakari njia nzima kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni ratiba. Agosti binti wa ukoo wetu, Juliana, anaolewa kule Bashay. Nitasema baada ya chakula, na nitasema kwa muda mrefu zaidi.