Orodha ya Magonjwa ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kikao cha walimu. Mkuu wa shule, Mwalimu Ambakisye, anataka maendeleo ya wanafunzi yawafikie wazazi kwa simu. Atakayefanikisha atafikiriwa kuwa mwalimu wa taaluma. Alinitazama mimi! Mwalimu wa kompyuta ni mimi, angemtazama nani? Madam Tabita wa Bailojia naye akajiona ametazamwa.

Nimeshapata programu ya bure.

Jumanne, 4 Machi
Programu inauliza mengi. Nimejaza yote, wanafunzi themanini na sita wa Kidato cha Pili. Sehemu ya afya ilikuwa tupu, inatia aibu. Matroni alipokwenda jikoni nikaazima daftari lake la afya za wanafunzi. Sasa imejaa. Sehemu ya maoni nimeandika ukweli kuhusu wazazi. Neno la siri: jina la shule na 123, walimu wasisumbuke.

Tabita kauliza taarifa hizi zinakaa wapi. Nikamjibu zinakaa kwenye wingu. Akauliza wingu la nani. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma linki kwenye kundi la wazazi. Ilichelewa kwenda, simu ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia.

Saa nne nikaitwa kwa mkuu. Linki haifungui mtoto mmoja. Inafungua wote! Tunduma nzima, na wazazi kadhaa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wamesoma nani ana pumu na nani anakojoa kitandani. Baba Idrisa, mwenyekiti wa bodi, amesoma na maoni yangu: "Mzazi mbishi, hajui anachobishia." Nikaeleza kuwa ni matatizo ya mtandao. Mkuu akanisogezea simu yake nisome mwenyewe. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta kila kitu. Tabita akafungua kwenye simu yake: vyote vipo. Kumbe nimefuta programu kwenye simu yangu tu! Yeye akawaandikia wenye programu, akawapigia mara tatu, hadi saa tisa orodha ikaondolewa. Lakini kuna wazazi walishaipiga picha.

Fauzia hajaja shule. Kwenye orodha ndiye mwenye kifafa. Darasani hakuna aliyekuwa anajua.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu ametutuma nyumbani kwa kina Fauzia, mimi na Tabita. Mama yake, Bi Mwasiti, anauza vitenge sokoni, leo hakufungua. Jana wanawake wawili walimpa pole mbele ya wateja. Tukakaribishwa kwenye mkeka. Hata maji sikupewa. Nikaanza kununa, kisha nikakumbuka ni Ramadhani.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu mtandao. Fauzia akatoka chumbani, akasema bila kupandisha sauti: "Mwalimu, nilimwambia matroni peke yake. Wewe sikukuambia."

Nikasema samahani. Bi Mwasiti akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Tabita akabaki na binti barazani, wakaongea muda mrefu. Mimi nilisubiri nje kwenye jua.

Jumatatu, 10 Machi
Fauzia amerudi. Aliingia kichwa chini, akakaa dawati la mwisho. Agnes, ambaye huwa hasemi na mtu, akabeba madaftari yake akahamia pembeni yake. Hakuna aliyemwagiza.

Tabita katangazwa mwalimu wa taaluma. Amepigiwa makofi kupita kiasi. Mimi nimepewa barua ya onyo: nisiguse taarifa ya mwanafunzi bila idhini ya mzazi.

Idhini! Kosa langu lilikuwa hapo tu, sikuwaomba. Basi mchana huu nimetengeneza fomu mpya. Mzazi anaandika jina la mtoto na siri ambayo asingependa ijulikane, ili shule ijue cha kuficha. Nimeiweka kwenye kundi la wazazi. Na safari hii nimefikiria mbali: kila anayejaza anaona wenzake walivyojaza, asikosee.

Tabita ananipigia simu. Hii ni mara ya nne. Bila shaka anataka kunipongeza.