Uji wa Rejeta

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua boneti. Mwenyewe! Bila makanika. Gari hii ya viti saba ilikuwa ya daktari mmoja wa Nairobi, aliyeiendesha Jumapili peke yake, kanisani na kurudi. Haiwezi kuwa mgonjwa sana. Inatoka jasho tu. Chini ya rejeta kuna dimbwi ambalo kuku wa Emily wameshaligeuza kisima.

Emily, mke wangu, anauliza kwa nini nisiipeleke kwa Gichuru. Huyo Gichuru ni jirani yetu. Ana duka la spea karibu na soko, na gereji nyuma yake. Alikuja Machakos kutoka Murang'a na spana moja, sasa anatembea kama mtu aliyevumbua gurudumu. Nimemwambia Emily kwamba mimi nilikuwa nafungua injini za lori wakati Gichuru bado ananyonya. Si uongo. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, lakini bila tochi nani angeona kitu?

Jumamosi ni ntheo ya Nzuki, mtoto wa dada yangu Kasyoka. Kwetu msichana anaweza kukupikia miaka kumi, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaingia kwa baba yake, huyo bado ni mgeni wako tu. Mzee Kitonga wa Katangi, baba yake Mutheu, mchumba wa Nzuki, ametungoja mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mvua. Mara ya pili ilikuwa gari. (Gari gani, si lazima iandikwe.) Sasa ametuma neno: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Ikipita, lango lake halifunguki tena kwa watu wetu.

Nani atabeba wazee na mbuzi? Mimi! Baba yake Nzuki alishalala, Mungu amrehemu. Kwa hivyo mjomba ndiye baba. Nimeapa mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimesimama juu ya kiti.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi ya kitaalamu siku nzima. Nimetoa rejeta, nikaipiga brashi, nikaipa maji ya bomba, nikairudisha. Njiani nimekutana na kidude kimoja cha chuma chenye springi, kimejificha ndani ya paipu. Sijui kazi yake. Nimewasha gari bila hicho kidude, ikawaka. Maana yake hakikuwa na kazi.

Nimebaki na nati nne. Injini nzuri ukiifungua vizuri inakurudishia chenji.

Bado inavuja. Kuku wamefurahi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeenda kwa Gichuru, si kuomba msaada, kusalimia tu. Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia rafiki yake, rejeta yenye tundu hufanywaje. Akasema hiyo ni ya kuchomelewa au kubadilishwa, na kwamba anayo moja kwenye rafu, nilete gari kesho. Nikamwambia gari ya balozi haiwekewi spea ya rafuni. Akauliza si juzi ilikuwa ya daktari? Nikamwambia balozi alikuwa pia daktari.

Wateja wote wakacheka. Akanisindikiza hadi mlangoni akiniita Injinia. "Injinia, usisahau kuitilia na mafuta ya kujipaka!" Jamani.

Lakini Mungu hamtupi mtu wake. Nikiwa narudi nimepita mama anayeuza vyungu vya udongo, nikakumbuka marehemu mama yangu. Chungu kipya kilikuwa kinatoka jasho kila upande. Alifanya nini mwaitu, yaani mama? Alikipikia uji wa wimbi! Uji ukaingia kwenye kila kitundu, ukakauka, chungu kikafunga ndi! Hakikuvuja tena mpaka alipokufa.

Na rejeta ni nini? Ni chungu cha chuma.

Niliacha shule darasa la saba, na sasa naona kwa nini. Mwalimu alikuwa amefikia mwisho wa akili yake, mimi yangu ilikuwa inaanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetia vikombe vinne vya unga wa wimbi. Nikaongeza maji, nikawasha, nikaacha ichemke polepole. Harufu ilitoka kama ya jikoni kwa mwaitu saa moja asubuhi. Nilikaribia kulia. Nikaongeza sukari kidogo, maana mama hakuwa anaacha sukari.

Haivuji! Narudia hapa ili wajukuu wasome: HAIVUJI! Nimelala chini ya gari nusu saa nikingoja tone moja. Hakuna. Kuku wamekuja, wakaangalia dimbwi limekauka, wakaniangalia mimi, wakaondoka.

Emily anatafuta unga wake wa wimbi. Nimemwambia huenda ni panya. Ameuliza ni panya gani anabeba kilo nzima na kuacha kikombe juu ya boneti. Nikatoka kwenda kuangalia matairi.

Ijumaa, 15 Agosti

Bampa ya mbele imeanguka nilipokuwa narudi nyuma. Jambo dogo. Nimeifunga kwa kamba, ikakaa imara kabisa. Kamba zenyewe zilikuwa za mbuzi, tatu, mpya, Kasyoka alizinunua kwa ajili ya kesho. Lakini fikiria kama mtu mwenye akili: mbuzi watakuwa ndani ya gari. Kamba ya nini?

Jioni Nzuki amekuja. Kijana mpole, mrefu, amekuwa kama baba yake. Alizunguka gari mara mbili. Halafu, kwa heshima sana, akasema Mama amefikiri labda mbuzi wapande gari ya Gichuru, ile Probox, kwa sababu Gichuru anakuja hata hivyo.

Anakuja hata hivyo! Ndipo nikajua. Emily ameshamwomba abebe kina mama, blanketi na kreti za soda. Nyuma ya mgongo wangu!

Nikamwambia Nzuki kwamba mbuzi wa ukoo wetu hawawezi kuingia kwa wakwe wakitoka kwenye Probox kama mikate. Nikamwambia gari hii ilibeba jenerali vitani na haikuwahi kuchelewa. Akasema, "Sawa, Mjomba." Alikuwa anatabasamu, lakini aliivuta ile kamba ya bampa kidogo, kuijaribu. Anampenda yule msichana, huyu mtoto. Ameniamini.

Nimeenda kuangalia rejeta tena. Haivuji. Nimeongeza kikombe kimoja cha unga, kwa usalama.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaanza pale nilipokuwa nafanya vizuri.

Saa moja na nusu tuliondoka Machakos. Mimi kwenye usukani, koti jeusi, suruali ya kaki iliyopigwa pasi. Nzuki kando yangu. Nyuma yetu dada yangu Kasyoka na wazee wawili wa ukoo. Nyuma yao mbuzi watatu wakipumua kwenye shingo za wazee. Mbele, bampa imefungwa kama zawadi. Gichuru na Probox yake walikuwa wanatufuata polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza.

Mpaka Mwala, ndege! Nilikuwa nawasimulia wazee habari za jenerali. Tulipoanza kupanda kilima cha kuelekea Katangi, Kasyoka akasema anasikia harufu ya uji. Nikasema ni nyumba za watu. Akasema hakuna nyumba hapa.

Sindano ya joto ilipanda, ikafika mwisho, ikakaa huko. Saa nne na nusu gari ilikohoa, ikatoa moshi mweupe mtamu, ikasimama.

Nilishuka. Nilifungua boneti. Hata mtoto anajua rejeta ya moto haifunguliwi kifuniko, lakini nilikuwa na watu wananiangalia. Nikafunika kifuniko kwa leso, nikazungusha.

Aiyaaa!

Uji! Uji wa wimbi, mzito, umeiva vizuri, ulitoka kama chemchemi. Niliruka nyuma, ukanishika kuanzia magotini kwenda chini. Leo nimegundua kwamba suruali ya kaki ni nene. Ningekuwa nimevaa ile ya kitambaa chepesi, shajara hii ingekuwa inaandikwa na Emily.

Mzee mmoja wa ukoo akavua kofia. Sijui alifikiri nani amekufa.

Gichuru akaja, akachungulia, akachovya kidole kwenye rejeta, akaonja. Sikuwahi kuona mtu akijizuia kucheka namna ile, shingo ilikuwa imemvimba kama ya kobe. Akasema hii haiendi leo, Injinia. Akasema Kasyoka na wazee wapande kwake, watabanana na kina mama, na mbuzi wawekwe juu ya kreti za soda. Atafanya safari mbili kama italazimu.

Kilomita nne zilikuwa zimebaki. Nikasema wazee sawa. Mbuzi hapana. Niliapa juu ya kiti kwamba mimi ndiye nitawafikisha, basi nitawafikisha kwa miguu. Emily akasema, "Baba Mike, acha kiburi, mtoto wa watu atakosa mke." Nikasema nimesema.

Probox ikaondoka. Nzuki akabaki na mimi. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alifungua tu mlango wa nyuma ili mbuzi washuke, na hapo ndipo tukakumbuka kamba zote ziko kwenye bampa, na mafundo niliyoyafunga mimi hayafunguki kwa mkono wa binadamu. Mbuzi watatu, porini, bila kamba! Saa tano kasorobo! Niliona kwa macho yangu wakienda mmoja mashariki, mmoja magharibi, na Mutheu akiolewa na mwingine. Nilikaa juu ya jiwe. Nikamwambia Nzuki kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilimwambia pole, nimekosea.

Mbuzi hawakukimbia. Waliramba uji barabarani mpaka lami ikang'aa. Walipomaliza wakanusa, wakageuka, wakanikuta mimi. Wakaanza kuramba suruali.

Nikasimama, wakanifuata. Nikatembea, wakatembea. Nikaongeza mwendo, wakaongeza, ulimi nje, moja kwa moja nyuma ya magoti yangu. Nzuki alicheka mpaka akashika mti. Tulienda kilomita nne hivyo, mimi mbele kama mchungaji wa Biblia, mbuzi katikati, bwana harusi nyuma akijifuta machozi.

Saa sita kasoro dakika saba tulitokea langoni kwa Mzee Kitonga. Lango lilikuwa nusu limefungwa. Wakwe walikuwa wamesimama, wazee wetu wameinamisha vichwa, Mutheu yuko dirishani, uso wake sitaki kuukumbuka. Halafu wakatuona. Mtu mzima katika koti jeusi, na mbuzi watatu wakimfuata bila kamba, bila fimbo, bila hata mbee!

Halafu bibi mmoja akapiga kigelegele, na boma lote likapasuka.

Mzee Kitonga alinishika mikono yote miwili. Alisema siku hizi watu wanamwaga mbuzi kutoka kwenye magari kama mchanga, nao mbuzi wanalia wakivutwa mpaka ndani. Alisema mama yake alikuwa akimwambia kwamba mbuzi wasiovutwa ni ndoa isiyovutwa, na kwamba hakutegemea kuliona jambo hilo akiwa hai. Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, lakini yangu ni kwa sababu ya magoti yaliyoungua.

Lango lilifunguliwa lote. Mutheu alitoka akikimbia, mpaka shangazi zake wakamkumbusha aibu. Nzuki hakunitaja popote katika hotuba yake isipokuwa kusema, "Mjomba wangu hufika." Nimeyaandika hapa maneno hayo matatu ili yasipotee.

Wakati wa kula Gichuru alipita nyuma yangu na sahani ya nyama, akainama sikioni. "Injinia, suruali yako imeiva."

Hakumwambia mtu mwingine. Hilo nalo naliandika, ingawa sipendi.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani watu wameniuliza siri ya mbuzi. Nimesema ni sauti. Kuna mluzi mdogo ambao nilifundishwa na babu, mnyama akiusikia hawezi kukuacha. Wameomba niupige. Nikasema si ndani ya kanisa.

Emily amenipaka dawa magotini. Polepole sana, bila kugombana. Nikadhani amesahau. Alipomaliza akasema unga wa wimbi sasa anaujua mwenyewe ulipo.

Jumanne, 19 Agosti

Gichuru ameivuta gari hadi gereji. Anasema ametoa karibu ndoo nzima, na kidude changu chenye springi amekirudisha mahali pake. Ameweka ile rejeta ya rafuni. Ameniomba, kama jirani, nisiguse tena chini ya boneti. Nimekubali, ili asijisikie vibaya.

Lakini tufikiri kama watu wenye akili. Tundu lilivuja? Halikuvuja! Kutoka Alhamisi hadi kilimani, hata tone. Uji ulifanya kazi yake. Kosa lilikuwa moja tu: niliongeza kile kikombe cha tano. Na sukari, labda. Sukari hushika. Mfalme mmoja wa nchi za mbali, ambaye gari hii ilikuwa yake kwanza, asingeweka sukari.

Mchana huu Mzee Kitonga amepiga simu. Mkwe wangu! Amesema Nzuki amemsifia sana kwamba mjomba hutengeneza gari yake mwenyewe. Pikapu yake ya kubebea mahindi imeanza kuvuja maji mbele, na alikuwa anafikiria kuipeleka kwa makanika.

Nimemwambia asithubutu. Asiiguse. Nafika Alhamisi asubuhi.

Emily ameficha unga juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Ngazi ninayo.