Humusi Isiyo na Kosa

Jumatatu, 5 Machi

Sabiha ameondoka. Amechukua begi kubwa na mswala wake, kwa hiyo si ziara ya siku moja.

Naandika sababu kwa utaratibu, maana mwanangu Ramzi ataniuliza na nataka kumjibu kwa hoja. Jana mchana, mbele ya wageni, nilionja humusi ya mke wangu, rojo lake la dengu na ufuta, nikasema imepungukiwa limau. Basi. Sikukaripia. Nilieleza tu jinsi ufuta uliosagwa unavyobadilika ukikutana na uchachu, na kwa nini. Nimefundisha kemia hapa mjini Saida mpaka nikastaafu. Siwezi kuona jambo kama hilo nikanyamaza. Maelezo yalikuwa mafupi. Yaliisha kabla ya kahawa ya pili.

Sabiha akasema tangu nimuoe nasahihisha sahani zake kama madaftari ya wanafunzi, na yeye sasa amechoka kufanya mtihani. Leo asubuhi akapanda teksi kwenda kwa dada yake Nuhad, huko milimani.

Adhuhuri Nuhad akapiga simu kuleta masharti. Niseme kwamba humusi ile haikuwa na kosa, Sabiha atarudi. Nikamweleza kwa upole kwamba kusema naweza, ila kosa lilikuwepo. Nuhad akasema, "Haya shemeji, kaa na limau lako," akakata.

Nimekula mkate na jibini. Mkate wa jana.

Jumanne, 6 Machi

Nina mpango. Sitaomba radhi, nitapeleka ushahidi. Nitatengeneza humusi kamili na kuituma mlimani. Sabiha ataonja, ataelewa, atarudi. Mtu anaweza kubishana na mume. Hawezi kubishana na sahani.

Dengu nilikwisha kuziloweka jana. Kwenye maji ya kuchemshia hutiwa magadi ili ganda lilainike. Sabiha hutia kwa kukisia, kwa ncha za vidole. Mimi nilifikiri kisayansi: kama kidogo hulainisha, kingi kitalainisha zaidi. Ni kweli. Dengu zimeyeyuka zote. Povu limepanda, limefurika, limezima jiko. Nilionja kilichobaki. Sabuni.

Ustadh Shafik, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, alikuwa kwenye roshani yake. Huyu ni mgane, mwalimu mstaafu wa jiografia, somo la watu wenye kumbukumbu. Akaniuliza, "Vipi Baba Ramzi, leo umeamua kufua?" Kisha akauliza Mama Ramzi anarudi lini, kwa sababu sahani yake anayo. Kila Ijumaa Sabiha humtumia humusi, na yeye huirudisha sahani na kitu ndani, maana hapa kwetu hakuna mwenye haya anayerudisha sahani tupu.

Nikamwambia aiteremshe kwa kikapu cha kamba, nitaipokea mimi. Akasema sahani hurudishwa kwa mkono ulioitoa, na kwamba gari lake lina mafuta.

Sikupenda alivyosema lina mafuta.

Jumatano, 7 Machi

Nimeanza upya. Magadi kidogo. Dengu zimeiva vizuri. Nimezimenya moja moja, kazi ambayo Sabiha huifanya huku akiongea na simu. Mimi imenichukua asubuhi nzima na mgongo umekataa kunyooka.

Nikatia dengu, ufuta, kitunguu saumu na limau la kutosha katika mashine ya kusagia. Nikabonyeza. Ikazunguka kidogo, umeme ukakatika. Nikangoja jenereta ya mtaa. Wakati nangoja nikafungua kifuniko nikoroge kwa mwiko, nisipoteze muda. Swichi sikuizima. Mimi, niliyewafukuza vijana maabarani kwa kosa dogo kuliko hilo.

Jenereta ikawashwa.

Humusi iko darini. Iko kwenye saa ya ukutani, na kwenye picha ya marehemu mama yake Sabiha, ambaye hakuwahi kunipenda na sasa ana sababu. Niliyoilamba kwenye mkono wangu, nasema haya kwa haki, ilikuwa na limau sawasawa.

Sikula kitu. Nilikaa jikoni nikitazama darini ikidondoka. Kahawa niliyojipikia imeungua. Nimeishi humu na yule mwanamke miaka yote hii na sijui iliki anaiweka wapi.

Alhamisi, 8 Machi

Mpango mwingine, safi zaidi. Nilidamka kwenda kwa Baba Adnan, muuza humusi wa soko la zamani. Hufungua baada ya swala ya alfajiri na hufunga sufuria ikiisha. Ukichelewa, shauri yako. Nilikwenda na sahani yangu mwenyewe, ya nyumbani, ya maua ya buluu.

Baba Adnan aliitazama. Akauliza kama nina wagonjwa. Nikasema nina wageni. Akasema, "Ustadh, mwenye wageni hula hapa hapa na wageni wake. Mwenye kuja na sahani ya mkewe ana jambo." Watu wakageuka, vipande vya mkate mikononi. Kijana mmoja niliyemfundisha alianza kukohoa kwa adabu.

Baba Adnan ana namna yake ya kumalizia sahani: huizungushia ukingo kwa mgongo wa mchi, akaacha kishimo cha mafuta ya zeituni katikati, na mistari ya pilipili nyekundu kama miale. Kila duka hapa lina mkono wake, na watu huujua kama wanavyojua mwandiko. Mimi si mjinga. Nyumbani nilifuta mistari yote, nikailaza kwa kijiko, nikachora kishimo changu. Kilienda upande kidogo. Ndivyo nilivyotaka, ilionekana ya nyumbani.

Nikampa dereva wa teksi ampelekee Sabiha. Nikamwagiza aseme imetoka jikoni kwangu. Si uongo. Ilipitia jikoni.

Ijumaa, 9 Machi

Nuhad amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha, nikajua mambo yameharibika.

Sabiha alichota tonge moja. Akatafuna. Akauliza Baba Adnan anaendeleaje, na kama ndiye bado anayesaga kwa mkono, kwa sababu safari hii kitunguu saumu kimezidi. Nuhad akasema hata paka wa pale mlimani angejua ni ya Baba Adnan. Nikajaribu kueleza kuhusu kishimo changu. Akasema kishimo wamekiona, wamekicheka.

La pili ni baya zaidi. Ustadh Shafik alikuwepo. Alipeleka sahani, imejaa jamu ya tini aliyoipika mwenyewe. Akakaribishwa chakula cha mchana. Akala humusi niliyoituma mimi, akasema si mbaya, lakini akamtazama Sabiha akasema ya kwake haina mfano na haijawahi kuwa na kosa. Akasema hivyo tu, akaendelea kula. Mtu wa ramani.

Nikamuuliza Nuhad Sabiha alijibu nini. Akasema alimwongezea mkate.

Nimekaa nikitafakari neno hilo: alimwongezea.

Jumamosi, 10 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Teksi ya kuchangia, nimebanwa katikati ya mama mwenye kuku na mwanajeshi aliyelala begani mwangu. Njia nzima nilitunga sentensi. Ilikuwa na utangulizi, mambo matatu, na hitimisho.

Sabiha alikuwa uani, anachambua dengu. Hakuinuka. Nikaanza utangulizi. Akasema, "Baba Ramzi, hitimisho tu."

Nikasema humusi yake haikuwa na kosa.

Akaniambia nirudie. Nikauliza kama naweza kuongeza sababu. Akasema bila sababu. Nikarudia. Nuhad, dirishani, akaomba nirudie mara nyingine kwa sababu hakusikia vizuri. Nikarudia. Niliwahi kung'olewa jino bila ganzi nikiwa jeshini, naweza kulinganisha.

Sabiha aliniangalia sana. Akasema nimekonda. Akasema shati langu lina humusi mgongoni na angependa kujua ilifikaje huko. Kisha akaingia ndani kuchukua begi. Nilitaka kulia, nikakohoa.

Sharti moja limebaki. Kesho wageni wale wale watakula kwetu. Yeye atatengeneza humusi, na mimi sitasema neno lolote juu yake. Si zuri, si baya. Akaniambia hana nguvu za kuondoka na kurudi kama basi. Akiondoka tena, asitafutwe.

Nimekubali. Ni jambo rahisi.

Jumapili, 11 Machi

Wageni walifika wote. Ramzi na mkewe, na Ustadh Shafik, ambaye Sabiha alisema lazima aje maana naye alikuwepo mara ya kwanza. Mezani kulikuwa na samaki na wali, na katikati humusi.

Nilionja. Sikusema neno. Naandika tena ili ibaki: sikusema neno. Wenzangu walifuta sahani zao kwa mkate mpaka maua yakaonekana. Shafik alisifu. Ramzi alisifu. Mimi nilitafuna na kutazama ukutani. Sabiha alinitupia jicho, akatabasamu kidogo. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu Ramzi alipofaulu mtihani.

Kisha nikainuka kimya, nikaenda jikoni, nikarudi na nusu limau. Nikaliweka pembeni mwa humusi. Taratibu. Bila sauti.

Mkwe wangu aliacha mkono hewani. Sabiha hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama, akamuuliza Ustadh Shafik kama gari lake bado lina mafuta.

Wameondoka. Ramzi aliosha vyombo bila kuniangalia, naye akaenda. Sahani ya humusi iko mbele yangu. Nimeionja tena, na limau limepungua.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona nilipokosea. Nilileta nusu. Ningeleta limau zima, kila mtu angedhani ni la samaki.