Kapteni Bila Mhandisi

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Mama Ukumbi amekubali. Jumamosi alasiri filamu yangu itaonyeshwa kwenye ukumbi wake, ule wa harusi na mechi. Ligi imekwisha, skrini imekaa bure. Sharti lake ni jepesi: watu wakikaa mpaka mwisho, Jumamosi zote alasiri ni zangu. Wakitoka, anampa mwalimu wa densi. Mwalimu wa densi! Mtu asiyejua hata kamera inashikwa upande gani.

Filamu nimeiandika mimi, nimeiongoza mimi, na mimi ndiye Kapteni. Ni hadithi ya anga: chombo kimepotea, hewa inakwisha, sayari ngeni inakaribia. Ndani yumo pia Mhandisi, anayeigizwa na Barafu. Barafu ni fundi friji, rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja. Ananiita Pacha ingawa hatufanani hata kucha. Nilimpa nafasi hiyo kwa sababu moja tu: chombo chenyewe ni friji mbovu za karakana yake.

Jioni nikawaonyesha watu wa nyumbani kwenye kompyuta ya shemeji. Dada, shemeji, na shangazi aliyekuja kutusalimu. Nikakaa pembeni kutazama nyuso zao. Vimondo vilipogonga chombo, shangazi akauliza kwa nini hao watu wanarushiwa viazi. Sayari ilipotokea, shemeji akasema anaona kamba ya nguo. Ni kweli, kamba ipo. Na kuku anapita. Nilidhani hawatamwona.

Lakini kila Barafu alipofungua mdomo, wakavunjika mbavu. Na pale karibu na mwisho, hewa imebaki ya mtu mmoja, Kapteni na Mhandisi wanasukumiana mpira wa kumwagilia bustani, ndio bomba la hewa, kila mmoja akitaka mwenzake avute kwanza, Dada akafuta machozi. Shangazi akasema filamu ni mbovu, mbovu kabisa, lakini hao wawili wanapendana, na yeye angekaa nao hata ndani ya banda la kuku. Kisha akauliza huyo mhandisi ni kijana wa nani.

Hakuuliza Kapteni ni kijana wa nani. Najua kwamba mimi ananijua, nimekulia mgongoni kwake. Lakini angeweza kuuliza.

Jumanne, 4 Juni

Nimelipima jambo hili kwa utulivu, bila wivu. Wivu sina. Ila fahali wawili hawakai zizi moja, na chombo cha anga ni kidogo kuliko zizi. Mhandisi aondoke.

Nikaomba ruhusa dukani. Ninauza rangi kwenye duka la shemeji. Ruhusa huwa naomba nikiwa nimeshafika barabarani. Nikaenda kwa Bwana Harusi. Huyu hajaoa; anaitwa hivyo kwa kuwa anapiga video za harusi, na ndiye anayenihariria filamu. Nikamwambia amtoe Barafu. Sauti yake, sura yake, kila kitu. Akasema kumtoa huyo ni kutoa nusu ya filamu. Nikasema amtoe yeye tu, mimi nibaki mzima, neno langu hata moja lisiguswe.

Akanionyesha kwamba karibu kila neno langu namwambia Mhandisi. Nikasema hiyo si shida yangu. Akauliza afanye nini na pale Mhandisi anaponijibu. Nikamwambia aache uso wangu, wakati wote wa jibu, ukisikiliza. Uso wangu ukisikiliza ni mzuri sana. Hata Dada husema nikinyamaza napendeza.

Bwana Harusi akasema shauri yangu. Akasema yeye amewahi kumtoa hata bibi harusi kwenye video, lakini pale palikuwa na talaka.

Mpaka jioni kazi ilikuwa imekwisha. Kimebaki kiwiko cha Barafu mahali fulani, upande wa kushoto. Nimesema ni sehemu ya chombo.

Jumatano, 5 Juni

Limezuka tatizo. Barafu anapanga kuja Jumamosi na ndugu zake wote. Amefua na suruali. Lazima awe mbali.

Nimebuni mpango safi kabisa. Nikaazima simu ya mteja dukani, nikajificha nyuma ya makopo ya rangi, nikampigia Barafu kwa sauti nzito. Nikamwambia mimi ni mwenye bucha, upande wa pili wa mji, friji yangu kubwa imezima, nyama itaoza, aje Jumamosi alasiri na asichelewe. Akanisikiliza kwa adabu. Akauliza inanguruma au iko kimya. Nikasema iko kimya. Akauliza imezima tangu lini. Nikasema tangu Jumamosi. Akauliza Jumamosi ipi, hii inayokuja? Kisha akasema, pole na koo, Pacha, kunywa maji ya moto.

Nikakata simu. Shemeji alikuwa amesimama juu yangu akitaka kujua kwa nini mteja wa rangi nyeupe anadai simu yake.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana Harusi ni domo kaya. Amemwambia Barafu kila kitu.

Barafu alikuja dukani mchana. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitegemea apige kelele, nami nina majibu yangu kuhusu sanaa. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: hata kile kipande cha mpira wa hewa nimekitoa? Nikasema vyote. Akatazama makopo ya rangi kwa muda, kama mtu anayechagua. Akasema sawa. Akauliza kama friji ya Dada bado inavuja. Nikasema bado. Akatoka.

Nilipofika nyumbani, friji haivuji. Dada anasema alipita, akaitengeneza, chai hakuimaliza, na hakutania mtu. Barafu hakutania mtu! Dada akaniambia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nikamjibu mimi sina dhiki, nina filamu. Tangu hapo hajasema nami neno.

Nilihisi vibaya. Naandika hivi kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Nilihisi vibaya mchana kutwa mpaka wakati wa kula, kisha nikakumbuka kwamba sijachora bango.

Ijumaa, 7 Juni

Bango tayari. Uso wangu, mkubwa, nikitazama mbali. Shemeji alinipa rangi iliyobaki, na iliyobaki ilikuwa kijani. Watu wanapita wanauliza hilo zimwi linaonyeshwa lini. Nimewaambia kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mama Ukumbi alisimama mlangoni kama mtu anayehesabu kondoo. Mwalimu wa densi alikaa mbele kabisa, mfuko wa viatu mapajani, akingoja nianguke. Barafu alikuja. Ndugu zake hakuja nao, na suruali ile hakuvaa. Alikuja na nguo za kazi, akakaa kiti cha mwisho nyuma. Sikumwangalia. Nilimwangalia kidogo.

Filamu ikaanza. Kapteni akatokea, akageuka, akauliza: Mhandisi, injini inasemaje? Kimya. Uso wangu ukasikiliza. Ukaendelea kusikiliza. Ukatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha nikasema kwa ukali: hapana, hilo sikubali! Kimya tena. Nikacheka peke yangu, nikaipiga friji kofi begani.

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza kama sauti imeharibika. Vimondo vikaja, na safari hii kila mtu akaona ni viazi. Kuku akapita. Mwanamke mmoja akamshika mumewe mkono akamwambia wainuke, huyu kaka anaongea na friji, asije akawageukia na wao. Wakainuka. Safu yao yote ikainuka. Mwalimu wa densi akafungua mfuko, akatoa kiatu kimoja. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Kapteni akauliza: tutafika salama kweli?

Kimya. Halafu, kutoka nyuma ya ukumbi, sauti ya kawaida, kama mtu anayeitikia salamu:

"Kufika tutafika, Kapteni. Wapi, ndiyo sijui."

Ukumbi ukalipuka. Waliosimama wakageuka kumtafuta. Kapteni akasema yake, sauti ikajibu, Kapteni akakasirika pale pale panapotakiwa, sauti ikamtuliza, uso wangu ukasikiliza na sasa ulikuwa na cha kusikiliza. Hakukosea hata mahali pamoja. Kila pengo nililoacha lilikuwa saizi yake. Waliosimama wakakaa. Yule mwanamke akamvuta mumewe arudi, na akamwambia anyamaze wakati mumewe hakusema kitu.

Kisha kikaja kipande cha mpira. Kapteni ameushika, anaunyoosha kuelekea pasipo na mtu. Vuta wewe kwanza, anasema. Kimya kikawa kirefu kuliko vingine. Nikageuka.

Barafu alikuwa amesimama. Hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akinitazama mimi.

"Vuta wewe, Pacha. Mimi bado ninayo kidogo."

Kwenye maandishi yangu imeandikwa Kapteni, si Pacha. Sikumsahihisha. Niliona aibu na nikafurahi, vyote kwa mpigo mmoja, na sikujua nianze na kipi. Nilimsikia mtu akivuta kamasi, nikagundua ni mwalimu wa densi.

Walipiga makofi wamesimama. Mama Ukumbi akaniita pembeni. Akasema ameona takataka nyingi maishani lakini ile ni takataka ya kipekee, na kwamba wale marafiki wawili angewasikiliza hata skrini ikiwa imezimwa. Jumamosi zote ni zetu, ilimradi fundi awe anakaa pale nyuma anajibu. Alisema zetu. Nilimsikia vizuri.

Nilimuuliza Barafu kwa nini alijibu. Akasema hakukusudia, alikuja akae tu atazame, ila amezoea kunijibu. Nikamwambia asante. Nadhani nilimwambia. Kama sikumwambia basi aliniona usoni.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nzuri. Kichwa kimetulia. Nimekaa kuichambua filamu kwa jicho la kitaalamu, ili nijue hasa kilichoiokoa.

Ni vile vimya vyangu. Hakuna ubishi. Bila mimi kunyamaza kwa ustadi, Barafu angejibu nini? Mtu hawezi kujaza ndoo ambayo haipo. Shangazi ameshikilia kwamba ni ule urafiki, Dada naye anasema ni ule urafiki, hata shemeji, ambaye huwa hana maoni ila juu ya rangi, amesema ni urafiki. Watu wa nyumbani hawajui sinema.

Kosa langu lilikuwa moja tu: maswali. Kapteni aliuliza mno. Ukiuliza, utajibiwa, ni kujipalia makaa mwenyewe. Kwa hiyo leo nimeanza filamu mpya, na safari hii Kapteni yuko peke yake kwelikweli. Mhandisi hayumo. Hajafa, hajasafiri, hakuwahi kuzaliwa. Kapteni haulizi chochote, hamwiti mtu, hageuki kushoto. Nimeandika ukurasa mzima bila alama ya kuuliza hata moja. Nimeusoma peke yangu chumbani kwa sauti. Ni mzuri mno! Nikausoma tena. Chumba kilikuwa kimya sana.

Nikavaa viatu nikaenda karakana. Barafu alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake wote umezama nyuma ya friji ya mtu. Nikamsomea ukurasa mzima nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikamuuliza imekaaje. Akafikiri. Akauliza, sasa huyu Kapteni anaongea na nani? Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyejua sinema. Akasema labda, akaniomba nimshikie tochi.

Nikamshikia tochi, nikavuta kreti nikakaa karibu yake, nikamsomea tena tangu mwanzo.