Ngazi ya Jirani na Mke Wangu Wakili

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa pili wa ndoa. Ah, ndoa! Asubuhi mke wangu amepiga pasi joho lake jeusi huku akifanya mazoezi ya kuzungumza mahakamani. Wakili wa utetezi! Wangu mimi, muuza viatu wa kidato cha nne! Mkono mmoja pasi, mwingine hewani: mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, haki ya kunyamaza, haki ya kuwapata ndugu na wakili. Nimesikiliza hadi chai ikapoa. Mashairi ya mapenzi hayafui dafu.

Kisha kanibusu shavu, kaenda. Tena kwa yule mteja wake, anayeshtakiwa kuiba toroli. Nimeuliza wanaongea nini muda wote huo. Kasema ni siri, mshtakiwa ana haki ya kuzungumza na wakili wake faragha. Faragha! Mlango umefungwa! Na mimi mume halali naambulia dakika za kupasha kiporo.

Wazo limenijia nikiwa nafunga duka. Nikishtakiwa mimi, faragha itakuwa yangu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeiba. Kosa dogo, la kistaarabu: ngazi ya jirani yetu fundi rangi, yule anayeniita Bwana Harusi kila nikipita. Nimeibeba begani mchana kweupe, nikapita mbele ya kituo cha polisi. Hakuna aliyenitazama. Nikapita tena. Mara konstebo akatoka mbio! Moyo ulidunda kama siku ya posa. Akasema afadhali umefika fundi, tangu juzi tunakaa gizani.

Nimewabadilishia balbu. Wamenishukuru sana. Aibu iliyoje!

Ngazi ipo nyuma ya tangi la maji, nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yamejipa! Jirani kaenda kulalamika, na konstebo akamkumbuka fundi wa balbu. Wametukuta mezani. Nikanyoosha mikono kabla hawajaomba. Mke wangu akasimama, macho yanawaka: anakamatwa kwa kosa gani, anapelekwa wapi, nani atamhoji? Sauti ile! Nilitamani wanikamate mara mbili. Kisha akatoka uani, akachungulia nyuma ya tangi, akauliza mbele ya konstebo: hii ngazi ya nani? Konstebo akaandika.

Natolewa mlangoni, kaninong'oneza: mume wangu, tafadhali, funga mdomo, na usisaini kitu mpaka wakili afike. Pumzi yake sikioni! Nilikaribia kuzirai.

Kituoni, inspekta kanionya vizuri tu. Si lazima niseme. Nikisema neno, litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Nikamjibu haki hiyo naijua, mke wangu huikariri akipiga pasi. Nikanyamaza. Nikanyamaza kishujaa. Ndipo akauliza, kwa upole kabisa, eti Bwana Harusi, wewe na mkeo mlikutana wapi?

Kurasa saba. Nilianzia siku mke wangu alipoingia dukani kutafuta viatu vya mahakamani, kisigino kifupi, nikamalizia na ngazi na sababu ya kuiiba. Nikasaini zote bila kusoma. Jina lake limejaa kila ukurasa, ningekataaje? Inspekta alifuta machozi. Kisha akaniweka ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa chumba cha faragha! Nikalaza nywele kwa mate. Akaingia mzee mnene mwenye mafua, mkubwa wa ofisi ya mke wangu.

Kaeleza huku akipenga kamasi. Mke wangu hawezi kunitetea. Ngazi imekutwa nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeigundua. Sasa ni shahidi! Kaongeza kwamba kesi ilikuwa nyepesi, ningeweza kuonekana nimeazima tu. Lakini nimeeleza mwenyewe kwamba nilikusudia. Naweza kufungwa, bwana, kaa utulie. Nikamuuliza kama leo mke wangu amevaa ile blauzi ya bluu.

Faragha yetu ilikuwa ndefu mno.

Mchana mke wangu kanidhamini. Kufika nyumbani akashusha begi lake la safari kutoka juu ya kabati. Kasema anakwenda kwa mama yake, maana huko hakuna wahalifu. Jela naiweza. Hili siliwezi.

Ijumaa, 7 Machi

Kapita kwa jirani kwanza, begi mkononi. Sijui kamwambia nini. Jirani kafuta malalamiko, jalada limefungwa! Masharti: wiki nzima nimbebee ngazi na nimwite Bosi. Mke wangu kaniona nikiyumba nayo mtaani, Bosi akifoka nyuma, akacheka mpaka akakaa juu ya begi. Kisha karudi nalo ndani. Oh, moyo wangu!

Yule wa kesi ya toroli naye kaachiwa. Hakuwatamkia polisi neno tangu akamatwe. Mke wangu anamsifu. Mtu baridi yule.

Jioni kafunga mlango ili anifundishe kunyamaza. Yeye inspekta, mimi mtuhumiwa. Akauliza tulikutana wapi. Nikasema. Akauliza tena. Nikasema tena, kwa kirefu zaidi. Jioni nzima, sisi wawili!

Jumamosi, 8 Machi

Kapata mteja mpya. Kaondoka kabla ya chai.

Nimetafakari kwa kina, ngazi begani, na kosa langu nimeliona. Niliificha ngazi nyumbani, ndiyo maana mke wangu akawa shahidi. Sasa ndoo za rangi za Bosi nimezificha mtaa wa pili, mbali kabisa na tangi letu. Na kituoni balbu zote zinawaka. Wataniona vizuri.